Wimbo ni wangu, nimerekodi kwa pesa yangu, lakini siruhusiwi kuuza hata nakala moja: tuzungumzie leseni za kipekee

#1 Mpiga Besi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Morogoro, anayepiga gitaa vizuri kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wake, alinitumia picha za mkataba kwa WhatsApp. "Kaka, nisaini?" Nikafungua. Kurasa sita za Kiingereza, na kwenye kifungu cha pili maneno yaleyale yaliyonifunga mimi: haki za kipekee. Nikampigia simu hapohapo nikamwambia asiguse kalamu mpaka tuonane. Usiku ule usingizi uligoma. Wako wengi wenye karatasi kama ile ndani ya droo na hawajui wamekubali nini, ndiyo maana naandika.

Kisa changu ni hiki. Mwaka 2018 nilikuwa na wimbo mmoja uliokuwa unaitikiwa kwenye kila harusi tunayopiga. Studio nililipa mwenyewe, prodyuza nilimlipa mwenyewe, wapiga vyombo niliwapa nauli, chakula na kitu kidogo mkononi. Hapakuwa na lebo wala meneja. Ikaja kampuni moja (jina naliacha) ikasema itauweka wimbo kwenye miito ya simu (ule wimbo anaousikia anayekupigia) na kwenye majukwaa yote ya kusikiliza muziki mtandaoni. Hawakuomba hata senti. Masikio yangu yalikomea hapo, kwenye kutoombwa hela. Nilisaini siku hiyohiyo, karatasi ikiwa juu ya boneti ya gari.

Nilichosaini kilisema: leseni ya kipekee, dunia nzima, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, miaka saba, na mkataba unajirudia kwa miaka saba mingine nisipotoa notisi ya maandishi siku 90 kabla haujaisha. Kwa muda wote huo nimelipwa mara mbili, jumla shilingi 143,000, bila karatasi inayoonyesha pesa imetoka mtandao gani wala wimbo umesikilizwa mara ngapi.

Umaskini wa malipo ningeuvumilia. Kilichoniumiza ni mwaka 2021, kampuni ya maji ya chupa ilipoutaka wimbo kwa tangazo la redio, mwaka mmoja tu, shilingi milioni 3. Mwanasheria wao akaniuliza swali moja: kuna mtu mwingine yeyote mwenye haki za kipekee juu ya rekodi hii? Nikajibu kweli. Akaniambia basi siwezi kusaini mimi, asaini mwenye leseni. Nikaiandikia kampuni niliyosaini nayo, nikapiga simu, nikapanda basi mpaka Dar nikakaa mapokezi kwao kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane. Miezi miwili ikapita bila jibu. Tangazo likatoka na wimbo wa mtu mwingine, na nilikuwa nalisikia kila asubuhi kwenye daladala.

Mwaka uliofuata nikapandisha YouTube video ya bendi yetu, sauti ikiwa rekodi yangu ileile. Kabla ya jioni Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua sauti zenye mwenyewe, ulikuwa umeikamata na mapato yameelekezwa kwa mwenye leseni. Halafu CD na flashi tulizokuwa tunauza kwenye harusi na pale stendi ya Msamvu, nikapokea ujumbe kwamba navunja mkataba. Mama yangu aliniuliza, "Sasa wewe umeiba kwa nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Tulielewe jambo lenyewe. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi yenyewe, ambayo sisi tunaiita masta. Ukiandika mwenyewe na kujilipia studio, kwa kawaida zote mbili ni zako, ila uwe umeandikiana na prodyuza, kwa sababu wengi wanadhani risiti ya studio inatosha. Huhitaji kusajili ili haki izaliwe. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, tangu 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki nchini) ni ushahidi wa siku ya ugomvi, na nawasihi mfanye hivyo.

Sasa, kuuza haki ni kukabidhi hati ya nyumba. Leseni ya kawaida ni kupangisha chumba: mpangaji anakaa, wewe unapangisha vyumba vingine na unalala chako. Leseni ya kipekee ni kupangisha nyumba nzima, na wewe mwenye hati huingii hata barazani mpaka muda wa mpangaji uishe. Hati bado ina jina lako. Ndiyo maana mtu wa kampuni anaweza kukutazama usoni akakwambia "wimbo unabaki kuwa wako" na akawa hajasema uongo.

Naomba michango yenu, hasa wenye ujuzi wa sheria. Kijana ananisubiri mpaka Jumapili.

#2 Msanii wa Kigoma

Pole sana mkuu. Lakini tusiichore leseni ya kipekee kama shetani. Hakuna mtu mwenye akili atakayemwaga pesa kwenye video, redio na safari za msanii halafu kesho msanii auze wimbo uleule kwa jirani. Hata hiyo Content ID, YouTube wenyewe wanataka anayeitumia awe na haki za kipekee za kazi anayoilinda. Msambazaji asiye na upekee hawezi kukulinda na wezi. Na mikataba ya lebo mnaijua: Harmonize alipoondoka WCB, lebo ya Diamond, mwaka 2019 alieleza mwenyewe hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Ni pesa nyingi, lakini alikuwa ameingia pale akiwa hajulikani.

#3 Mpiga Besi

Mkuu, nakubaliana nawe zaidi ya unavyofikiri. Lebo iliyokulisha, ikakuvalisha na kukulipia video ina sababu ya kudai upekee. Mimi nilidaiwa upekee wote wa lebo na mtu ambaye hakutoa shilingi hata moja. Hakulipa studio, hakulipa video, hakuchapisha hata bango. Alichofanya ni kupakia faili, na kupakia faili siku hizi unafanya mwenyewe kwa simu. Upekee una bei, na asiyelipa hiyo bei apewe leseni ya kawaida.

Kuhusu Content ID uko sahihi. Hata hivyo unaweza kumpa mtu upekee wa kusimamia Content ID peke yake na ukabaki na matangazo, filamu, CD, flashi na miito ya simu. Haki za wimbo zinakatika vipandevipande kama muwa. Kosa langu ni kutoa muwa mzima kwa sababu aliyeuomba alitaja pingili mbili tu.

#4 Wakili Msikilizaji

Ndugu mleta uzi, umeeleza vizuri. Naongeza machache kama mtu anayesoma mikataba hii kila wiki.

Katikati ya chumba na nyumba nzima kuna aina ya tatu ambayo wasanii hawaiombi kwa kuwa hawajui ipo: leseni ya mpewa mmoja. Mwenye wimbo anaahidi kutompa leseni mtu mwingine yeyote, lakini yeye mwenyewe anabaki na haki ya kuutumia na kuuuza. Kwa mfano wako, mpangaji ni mmoja tu, na mwenye nyumba bado analala chumbani kwake. Msanii anayejitegemea akibanwa sana kuhusu upekee, aombe hii kwanza. Ikikataliwa, aombe sentensi moja tu: "Msanii anabakia na haki ya kuuza nakala za wimbo moja kwa moja kwa mashabiki wake, kwenye maonyesho na kwenye kurasa zake mwenyewe." Nimeona sentensi hiyo ikikubaliwa mara nyingi, kwa kuwa kampuni haipati hasara yoyote kwa flashi zako za Msamvu.

Jambo la pili ni haki ya mpewa leseni kutoa leseni kwa wengine. Ndipo msanii anapopotea kabisa, maana wimbo unapita mikono mitatu au minne na kila mkono unakata chake. Kumbukeni kesi ya AY na MwanaFA. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni ya simu ya Tigo, ambayo leo inaitwa Yas, iwalipe zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao. Tigo ilijitetea kwamba nyimbo ilizipata kwa kampuni nyingine, na baadaye ikakata rufaa Mahakama Kuu. Kila msanii angepaswa kuusoma utetezi ule, kwa kuwa unaonyesha jinsi mnyororo unavyofanya kazi: mtandao wa simu unasema niliuziwa, muuzaji anasema nilipewa, na mtunzi anatafuta mtu wa kumuuliza. Kwenye mkataba wako andika kwamba hakuna leseni ndogo bila ridhaa yako ya maandishi.

Tatu, taarifa za mapato. Kifungu kinachosema "asilimia 60 ya mapato halisi" bila kueleza mapato halisi ni nini hakina maana yoyote. Halisi baada ya kutoa gharama gani, na nani anazikagua? Dai taarifa kila miezi mitatu, na kifungu kwamba wasipoitoa mara mbili mfululizo, leseni inakufa.

Na kijana wako ana miaka mingapi? Chini ya 18 hana uwezo wa kisheria wa kufunga mkataba wa namna hiyo.

#5 Mpiga Besi

Ana 19, wakili. Asante sana. Hiyo sentensi moja nimeinakili kama ilivyo.

#6 Kijana wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Kenya miito ya simu ilileta kelele mpaka ikaingia bungeni. Wasanii walikuwa wanalalamika kwamba Skiza, huduma ya miito ya Safaricom, inavuma nchi nzima na wao wanapata makombo. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki yakapanga mgao ndani ya sheria yenyewe: msanii au mwenye hakimiliki asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Ni hatua nzuri. Ila someni tena maneno yale: "msanii *au mwenye hakimiliki*". Ukiwa umeshamhamishia mtu hakimiliki, ile 52 inaenda kwake na wewe unabaki na mgao wa mkataba wako. Sheria ilikaza upande mmoja, mkataba ukalegeza upande wa pili.

Kizuri kingine kwetu ni kifungu cha 33 cha sheria hiyohiyo. Kuhamisha hakimiliki au kutoa leseni ya kipekee hakuna nguvu mpaka kuwe na maandishi yaliyosainiwa na mtoaji. Kwa hiyo mtu akikwambia "tulikubaliana kwa mdomo kwamba wimbo ni wangu peke yangu", mwambie alete karatasi. Leseni ya kawaida ndiyo inaweza kuwa ya mdomo.

Na msisahau vyama vya kukusanya mirabaha. Ukijiunga, kwa kawaida unakikabidhi chama haki ya wimbo kupigwa hadharani. Jambo hilo si baya, redio mia huwezi kuzifuata mwenyewe. Lakini ni haki nyingine uliyokwisha kuitoa, na ukija kusaini kwamba "nina haki zote na sijampa mtu" unakuwa umeandika uongo bila kukusudia.

#7 Binti Chumbageni

Wakubwa naomba kuuliza, mimi ni mwimbaji mdogo tu Tanga. Nilinunua biti mtandaoni dola 30, nikaandika, nikaimba, nikatoa wimbo kupitia msambazaji na nikaweka alama kwamba nataka ulinzi wa Content ID. Wiki mbili baadaye msambazaji akautoa wimbo, anasema nimeleta madai ya uongo. Biti nililipia na risiti ninayo. Kosa langu nini?

#8 Mpiga Besi

Dada yangu, kwa bei hiyo hukununua biti, uliikodi. Biti za mtandaoni karibu zote huuzwa kwa leseni ya kawaida, na hiyohiyo imeshakodishwa kwa watu hamsini wengine kabla yako. Ulipoomba Content ID uliiambia YouTube kwamba sauti ile ni yako peke yako. Mfumo ukaanza kukamata video za wale wenzako hamsini, ambao nao wana risiti kama yako, na wakalalamika. Sauti yako na maneno yako ni mali yako kabisa, biti siyo.

Dawa: tafuta barua ya leseni uliyotumiwa na hiyo biti (huwa ni faili la PDF ambalo watu hawalifungui), uangalie kikomo cha nakala na wasikilizaji, kisha utoe wimbo upya bila Content ID. Ukiona wimbo unashika, rudi kwa prodyuza umuombe leseni ya kipekee. Hata hapo ujue kwamba akikuuzia leo, wale waliokodi kabla yako wanaendelea mpaka leseni zao ziishe. Upekee wako unaanzia siku uliyolipa kwenda mbele.

Na tafadhali usikate tamaa. Nimesikiliza wimbo wako ulioweka kwenye wasifu wako. Ubeti wa pili umenigusa.

#9 Mzee wa Rumba

Vijana, nimesoma yote. Mimi nimekuwa kwenye muziki tangu enzi za kanda. Wakati ule uliipeleka masta Kariakoo kwa msambazaji, unapewa bahasha, unasaini karatasi ambayo hubaki hata na nakala yake, basi. Kanda zikiuzwa elfu tano au laki mbili, wewe bahasha yako ni ileile. Watu walijenga maghorofa na waimbaji wakazikwa kwa michango. Naisema kwa uchungu maana wengine nilipiga nao.

Kuna kisa cha Solomon Linda wa Afrika Kusini ambacho ningependa kila mwanamuziki akijue. Alikuwa Mzulu anayefanya kazi kwa Gallo, kampuni ya kurekodi muziki ya Johannesburg. Mwaka 1939 akarekodi "Mbube" na kundi lake la Evening Birds. Hakimiliki yake aliisaini kwa kampuni kwa shilingi kumi. Alikufa maskini mwaka 1962, wakati Wamarekani walikuwa wameshaugeuza kuwa "The Lion Sleeps Tonight" na unapigwa dunia nzima, na baadaye ukaingia kwenye filamu ya The Lion King ya Disney ya 1994. Karatasi ilikuwa imesainiwa. Mtu angesema basi, yamekwisha.

Lakini mawakili wakachimba wakakuta sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyokuwa ikitumika katika himaya yao, ilisema kwamba haki ambazo mtunzi alizihamisha akiwa hai zinarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Yaani tangu 1987 haki zilikuwa za watoto wa Linda na hakuna aliyewaambia. Kesi ikafunguliwa 2004, na mwaka 2006 wakapatana nje ya mahakama. Mabinti zake waliishi kuona pesa, lakini baba yao hakuiona.

Kwa hiyo Mpiga Besi, mwambie huyo kijana atafute siku ya kurudi kwa haki kabla hajatazama asilimia. Mkataba usiosema haki zinarudi lini, kwangu mimi ni sawa na mauzo.

#10 Mpiga Besi

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili.

Kuna mtu amenitumia ujumbe wa faragha akiuliza kama naweza kurekodi wimbo upya nikauza rekodi mpya. Nimjibu hapa kwa faida ya wote: inategemea ulitoa nini. Taylor Swift aliweza kurekodi upya albamu zake nne kati ya 2021 na 2023 kwa kuwa masta zilikuwa zimeuzwa lakini utunzi ulibaki mikononi mwake, na muda wa kutorekodi upya ulikuwa umekwisha. Masta zenyewe alikuja kuzinunua 2025. Mkataba wangu umetaja "wimbo na matoleo yake yote", na wakili aliyeusoma amenishauri nisithubutu. Tafuteni neno hilo kwenye mikataba yenu, mara nyingi limefichwa kwenye kifungu cha tafsiri ya maneno mwanzoni, ambapo watu huruka.

#11 Msanii wa Kigoma

Basi tuletee mrejesho wa kijana. Na wako pia.

#12 Mpiga Besi (mrejesho)

Wakuu, miezi imepita, samahani kwa kuchelewa.

Kijana alirudisha mkataba akiwa ameongeza sentensi ya wakili, amefuta kujirudia kwenyewe, na amepunguza miaka saba kuwa miwili. Kampuni ilikaa kimya siku kumi, akaja kwangu akilia kwamba nimemkosesha bahati. Siku ya kumi na moja wakakubali yote isipokuwa miaka, wakasema mitatu. Akasaini. Nakala yake iko nyumbani kwa mama yake ndani ya sanduku la vitenge.

Mimi nilihesabu siku kwenye kalenda na nikapeleka notisi siku ya 120 kabla ya mwisho, kwa barua pepe na kwa mkono, nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Hawakujibu. Muda ulipoisha nikawaandikia tena, wakautoa wimbo baada ya wiki tatu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeomba namba ya ISRC ya rekodi yangu, yaani kitambulisho cha rekodi, ile yenye herufi na tarakimu 12. Nikaupandisha kwa msambazaji mwingine, leseni ya kawaida, kwa namba ileile, na baada ya siku chache hesabu ya wasikilizaji ikarudi ilipokuwa. Mngebadilisha namba mngeanza sifuri, kwa hiyo msiondoke bila ISRC zenu.

Video ya bendi bado ina dai la zamani. Nimelipinga, wana siku 30 za kujibu, leo ni ya kumi na nane.

Jumamosi tunapiga harusi Kihonda. Flashi thelathini nimeshazijaza.